Pea ndogo ukiwa bigi blaindi na mko wawili tu mezani, mnazichezaje?

MwanaNgamiani

Salaam wakuu, hamjambo humu. Nina swali la poka, hii Texas Hold'em ya karata mbili mkononi na tano za wote ubaoni, mkiwa wawili tu yaani hedsapu. Nitangulize kabisa ili tusije tukagombana, sisi hatuchezi hela hata shilingi moja, tunacheza komwe hizi hizi za bao, kila mtu anahesabiwa 100, blaindi, yaani dau za lazima kabla ya kuanza, ni 1 na 2 (hiyo 2 ndo bigi blaindi), anayemaliza za mwenzie kashinda na aliyeshindwa analipia kahawa na kashata hapo barazani basi. Nacheza na mtoto wa mjomba wangu baada ya Isha, Ngamiani huku barabara ya 12, na hili jambo limetugawa mpaka wanywa kahawa wa pembeni nao wameshachagua upande.

Iko hivi. Yeye yuko batani, yaani kiti cha mgawaji, kaweka 1, mimi bigi blaindi nimeweka 2. Kapandisha mpaka 5. Mimi nina 5 ya kopa na 5 ya pau, nikakoli, yaani nikalingana naye, nikaongeza 3, poti, yaani zilizo mezani, ikawa 10. Zikafunguliwa tatu, ndo flopu hiyo: K ya shupaza, 8 ya uru, 3 ya kopa. Nikacheki, yaani nikapita bila kuweka kitu, akabeti 5, nikakoli, poti 20. Ya nne ikaja J ya shupaza. Nikacheki tena, akabeti 14. Hapo nikatupa. Akanifunulia 10 na 9 za shupaza, yaani hana hata pea, mimi ndo nilikuwa mbele muda wote!

Sasa mwenzangu anasema pea ndogo ukiwa huna pozisheni, yaani wewe ndo unaanza kusema kila raundi baada ya flopu, ina kazi moja tu, unangoja seti, yaani ya tatu ya kufanana na pea yako, isipokuja kwenye zile tatu unatupa hapo hapo wala hiyo 5 huikoli. Mimi nakataa, maana nikingoja seti tu nitakuwa natupa karibu kila mkono na komwe zinayeyuka. Ila nikikoli najikuta na 5-5 zangu ubao umejaa K na J na sijui nishike wapi. Nani yuko sahihi? Na ile 14 nilitakiwa niikoli? Mnaojua naomba mje na hesabu, za kubahatisha tunazo za kutosha hapa barazani.

KijanaMakorora

Sukuma zote kabla ya flopu kaka, umalize maneno. Pea ni pea. Mwaka 2009 Joe Cada alichukua ubingwa wa World Series of Poker kule Las Vegas akiwa na miaka 21, na kwenye meza ya fainali alisukuma zote na 3-3 akakutana na J-J, baadae akasukuma zote na 2-2 akakutana na Q-Q, na zote mbili alitoka salama. Wewe una 5-5 unaogopa nini.

HesabuZaPwani

Makorora, hiyo ya Cada ni kweli ilitokea, ila angalia kilichotokea chenyewe. Mara zote mbili aliingia akiwa nyuma vibaya, pea ndogo dhidi ya pea kubwa inashinda mara 1 hivi kati ya 5, na mara zote mbili seti ikamtokea kwenye flopu. Hiyo ni siku yake, huwezi ukaifanya ndo mchezo wako wa kila usiku. Halafu tazama na mizigo: MwanaNgamiani ana komwe 100 na blaindi kubwa ni 2, yaani ana blaindi 50. Akisukuma zote anaweka 98 mezani ili apate 7 zilizopo, na atakayemkoli ni nani? Mwenye 9-9, mwenye J-J, mwenye A-K. Karata zote alizokuwa anazipiga zinakimbia, zinazompiga zinabaki. Olini, yaani kusukuma zote, ina mahali pake na pea ndogo ila sio kwenye mzigo huo.

Sasa nije kwako MwanaNgamiani, na ndugu yangu nitakuwa mrefu kidogo maana swali lako ni zuri na wengi wanalijibu kwa mazoea ya meza ya watu tisa.

Kwanza hili, mkiwa wawili, mwenye batani ndiye anayeweka blaindi ndogo, anaanza yeye kabla ya flopu ila baada ya hapo anasema wa mwisho raundi zote. Mmefanya sawa nyie, nimeona watu wengi wanageuza. Kwa hiyo bigi blaindi uko kwenye kiti kibaya na hakuna ujanja wa kukifanya kizuri. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada walitangaza programu yao ya Cepheus imetegua poka ya watu wawili ile yenye kikomo cha dau, na moja ya vitu ilivyoonesha ni kwamba anayegawa, ndo huyo wa batani, ana faida hata kama wote wawili wanacheza bila kosa. Nyie mnacheza isiyo na kikomo ila mwelekeo ni ule ule. Maana yake ukikaa bigi blaindi hutakiwi kujiuliza "nitapata faida?", jiulize "nikikoli nitapoteza kidogo kuliko nikitupa?" Ukitupa umepoteza 2 moja kwa moja, hiyo ndo mizani. Mkono ambao kwa wastani unakupotezea komwe 1 ukiucheza tayari umeokoa 1. Watu hawaioni hii, wanaona komwe zinapungua wanadhani pea ndogo ndo mbaya, kumbe kiti ndo kibaya na pea imewasaidia.

Kabla ya flopu. Kapandisha mpaka 5, wewe unaongeza 3, poti itakuwa 10. 3 kwa 10 ni asilimia 30, hiyo ndo sehemu ya ushindi unayoihitaji. 5-5 dhidi ya karata zozote mbili inashinda kama asilimia 60, na mtu wa batani mkiwa wawili anapandisha na karata nyingi sana, sio A-K na K-K tu. Hata 2-2 inafika asilimia 50. Ukiwa nje ya pozisheni huwezi kuvuna asilimia zote hizo maana kuna mikono utatolewa, kama huo ulioutupa, ila kutoka 60 hadi 30 kuna nafasi kubwa. Kwa hiyo kukoli kabla ya flopu halina mjadala, na kureizi, yaani kupandisha juu ya alichopandisha, mara moja moja sio dhambi ila kwa mzigo wa blaindi 50 mimi nakoli nyingi.

Sasa hoja ya mtoto wa mjomba wako, kungoja seti. Seti au zaidi kwenye flopu inakuja karibu asilimia 12, mara moja kati ya nane na nusu. Umelipa 3. Kama kazi ya pea ni seti tu, ile moja inayofika lazima ilipe zile saba na nusu zilizokosa, yaani kila seti ikuletee wastani wa komwe 22 na nusu. 7 zipo mezani tayari, 15 na ushee zilizobaki lazima azitoe yeye baada ya flopu. Na hapo ndo hesabu ya meza ya watu tisa inapomponza. Kwenye meza ya watu tisa aliyepandisha akiwa wa kwanza kusema mara nyingi ana kitu kweli, ana A-A, ana A-K ikagonga K, anakulipa. Mkiwa wawili kapandisha na 10-9, na Q-4, na 7-6, na karata mbili zisizo pea zinakosa flopu mara 2 kati ya 3. Wewe una seti yako nzuri imetulia, yeye hana kitu, anabeti mara moja au anacheki, mkono umekwisha umepata 5. Hiyo 15 ya wastani ni ngumu kuifikia na huyo mtu.

Ila hiyo hiyo inayokunyima malipo kwenye seti ndo inayokupa uhai bila seti. Kama anakosa mara 2 kati ya 3, basi 5-5 yako bila kuongezeka kitu ndo mkono bora mara nyingi. Usiogope kuona karata kubwa kwenye ubao, ukiwa na 5-5 flopu isiyo na hata karata moja iliyozidi 5 inakuja kama mara 2 kati ya 100. Mtu anayesema "nikiona kubwa natupa" kashasema anatupa siku zote.

Kwenye K-8-3 ya kwako, haina mfuatano wala aina moja mara mbili, kabeti 5 kwenye 10. Ukiikoli poti inakuwa 20, umeweka 5, unahitaji asilimia 25. Na upande wake, blafu, yaani beti ya kutisha bila kitu, ya 5 ikifanikiwa mara 1 tu kati ya 3 haimgharimu kitu. Wewe mwenyewe unakosa flopu mara 2 kati ya 3 na karata zisizo pea, sasa ukianza kutupa na pea zako juu ya hizo utakuwa unamwachia afanye anachotaka, abeti na karata mbili zozote bila hata kuzitazama. Ulikoli, ni sawa kabisa, ningekoli na mimi na wala nisingefikiria muda mrefu.

MzeeWaPangani

Assalaam aleikum vijana. Nimesoma mpaka hapa na nimefurahi kuona watu wanatumia akili. Lakini MwanaNgamiani mwanangu, umesema hamchezi hela, halafu umesema aliyeshindwa analipia kahawa na kashata. Hapo pameharibika. Kitu kikitoka mfukoni mwa aliyeshindwa kwa sababu kashindwa kikaenda kwa aliyeshinda, hata kiwe kikombe cha kahawa, hiyo ni kamari na masheikh wetu wameisema sana. Udogo wa kitu haubadilishi hukumu yake. Bao limechezwa pwani hii miaka na miaka watu wakikesha na kahawa, na kahawa ananunua aliyejaaliwa, hainunui aliyefungwa. Iondoeni hiyo sharti, na wapo watakaokwambieni hata karata zenyewe muziache, hao nao wasikilizeni.

MwanaNgamiani

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa na nimemsomea mwenzangu hapa, kahawa kuanzia leo inanunuliwa kwa zamu, leo mimi kesho yeye, hata tusipocheza. Ahsante sana kwa kutukumbusha.

HesabuZaPwani nimesoma mara mbili mbili, mwenzangu kaguna pale kwenye 22 na nusu ila hajakubali bado anasema anataka aihesabu kwa komwe zenyewe. Sasa naomba umalizie, ile 14 ya karata ya nne, maana ndo inaniuma, kanifunulia hana kitu. Na pia 2-2 na 5-5 zote umezisema pea ndogo, ni sawa sawa kweli?

HesabuZaPwani

Haya, ya 14. Poti 20, kabeti 14, ukikoli inakuwa 48, unahitaji kama asilimia 29. Tuanze na alichokufunulia. Ana 10 na 9 za shupaza, ubao una K na J za shupaza na 8. Shupaza zilizobaki 9 zinampa flashi, yaani tano za aina moja. Q na 7 zisizo shupaza ni 6, zinampa mfuatano. 10 tatu na 9 tatu zinampa pea kubwa kuliko yako, nyingine 6. Jumla karata 21 kati ya 44 ambazo hamjaziona zinakupiga. Kwa hiyo "nilikuwa mbele muda wote" ni kweli ila ulikuwa mbele kwa asilimia 52 kwa 48, na hapo unajua karata zake! Hiyo ndo inayoitwa blafu kwenye ubao ule, blafu yenye njia 21 za kuwa kweli.

Ungekuwa unaziona karata zake ungekoli, sawa. Ila huzioni. Anayebeti 14 pale ana K-kitu, ana Q-J, J-9, ana A-8 wakati mwingine, hao wote wamekupita na wewe una karata mbili tu za kukuokoa. Na wale ambao hawajakupita wengi wao ni wa aina ya 10-9 na Q-10 na A-Q, wote wana njia. Halafu ukikoli mchezo haujaisha, kuna karata ya mwisho, unaanza wewe, unacheki, anaangalia ubao anabeti 30, na wewe una 5-5. Utafanya nini? Kwa hiyo kutupa pale ni sawa, na kwamba alikuwa na 10-9 haibadilishi kitu. Mimi J ya shupaza naihesabu kati ya karata mbaya kabisa zilizoweza kuja.

Ingekuja 3 au 2 ya pau, hapo ningekuwa na maneno mengine. Karata kama hiyo haijamsaidia mtu, aliyekuwa hana kitu bado hana kitu na hana njia nyingi, na ukijua mwenzio ni wa kubeti mara mbili mbili kwa mazoea, ikoli hiyo ya pili. Karata ya nne ndo inayoamua, sio ujasiri wako.

2-2 na 5-5 haziko sawa hata kidogo. Chukua flopu ya 8-8-4 halafu ya nne ije 4. Mwenye 5-5 ana 8-8 na 5-5, bado yuko hai. Mwenye 2-2 pea yake imezikwa, anacheza pea mbili za ubao na karata moja ya juu kama kila mtu, na mwenzie mwenye Q-7 ambaye hakuwa na kitu sasa anamshinda kwa ile Q. Au flopu ya 8-7-6. Mwenye 2-2 atupe tu akibetiwa asijitese. Mwenye 5-5 ana pea na juu yake 9 nne na 4 nne zinampa mfuatano na 5 mbili zinampa seti, hapo hauruki. Ndo maana nilisema usijibu "pea ndogo" kwa jumla. 4-4, 5-5, 6-6 zina mwili. 2-2 na 3-3 unazikoli kabla ya flopu kwa bei nzuri, unakoli na beti ndogo moja ubao ukiwa mkavu, yaani hauna njia za mfuatano wala flashi, zaidi ya hapo mimi huwa mkavu pia.

Na bei usiisahau. Akipandisha mpaka 4 tu unaongeza 2 kwenye poti ya 8, unahitaji asilimia 25, koli zote. Akipandisha mpaka 6 unahitaji 33 na poti inaanza kubwa huku wewe huna pozisheni, hapo 2-2 zinaanza kupoteza ladha.

DadaWaKaole

Habari zenu, niko Bagamoyo, nacheza na mume wangu na mashemeji, na sisi hatuweki kitu, anayeshinda anapewa daftari aandike jina lake basi.

Kaka Hesabu kamaliza upande wa kukosa seti, niongezee upande wa kuipata, maana naona watu wakipata seti bigi blaindi wanalala nayo. Chukua flopu ile ile ya K-8-3 ila wewe una 3-3. Unacheki, kabeti 5. Wengi hapa wanakoli tu kwa kuogopa kumkimbiza. Sasa hesabu, ukikoli poti 20 na kila mtu kabakiwa na 90. Hapo hata akibeti 14 ukaikoli, poti 48 na mmebaki na 76 na karata moja tu imebaki. Nani atakulipa 76 kwenye poti ya 48 kwa K-9 yake? Labda mlevi. Lakini ukireizi pale pale mpaka 18 akakoli, poti 46, mmebaki na 77. Ya nne unabeti 30, akikoli poti 106 na mmebaki na 47, ya mwisho unasukuma zilizobaki na mwenye K anajiona hawezi tena kutupa. Mzigo wote umeingia bila beti hata moja ya kutisha. Ile wastani ya komwe 15 ambayo kaka kasema ni ngumu, ukireizi flopu ndo inaanza kufikika.

"Atakimbia" mtaniambia. Atakimbia akiwa hana kitu, na asiye na kitu hakuwa na nia ya kukulipa hata ukimbembeleza. Tofauti ni yule anayeblafu mara tatu mfululizo, huyo muache abeti mwenyewe, koli, koli, mpaka mwisho. Kwa hiyo inabidi umjue mtu wako, na mkiwa wawili kila usiku mnajuana vizuri sana, mimi shemeji yangu mmoja akibeti haraka haraka nishajua ana pea ya katikati.

Na ili reizi yako isiwe inapiga kelele "nina seti", ukiwa bigi blaindi kareizi pia mara nyingine na karata zenye njia, mathalani 7-6 kwenye 8-5-2. Sio pea ndogo. Usiigeuze 5-5 kuwa blafu kwenye K-8-3, hiyo tayari ina thamani ya kufika mwisho, kuireizi ni kuwafukuza wale tu uliokuwa unawashinda.

KijanaMakorora

Nimewaelewa wakubwa, hasa ile ya 98 kupata 7. Ila Hesabu umesema olini ina mahali pake, ni wapi? Maana kuna muda mtu umebakiwa na kidogo na hizi pea zinakuja.

MwanaNgamiani

Na mimi hapo hapo, mwenzangu jana kanibakisha na 16, nikapata 4-4, yeye kapandisha mpaka 4. Nilisukuma zote akasema nimecheza kwa hasira. Mwambieni.

HesabuZaPwani

Mwambie ulicheza sawa. Komwe 16 ni blaindi 8. Ukikoli 4 unabaki na 12, flopu inakuja ina karata kubwa, karibu kila mara, anabeti, na wewe uko kule kule kwa kuangalia K na kujiuliza. Ukisukuma, kwanza anaweza kutupa, na hapo umechukua 6 za mezani bila karata hata moja kufunguliwa, zaidi ya theluthi ya mzigo wako wote. Pili akikoli na karata mbili kubwa zisizo pea mko nusu kwa nusu hivi, A-K dhidi ya pea ndogo pea inatangulia kidogo, J-10 za aina moja dhidi ya 2-2 zenyewe zinatangulia kidogo, hayo ni mambo ya asilimia chache tu. Akiwa na pea kubwa umekwisha, ila mtu kupewa pea yoyote ni mara 1 kati ya 17. Na kubwa kuliko yote, ukishasukuma, pozisheni haipo tena. Karata zote tano zitafunguliwa na hakuna wa kukutoa kwenye mkono wako. Kasoro kubwa ya pea ndogo bigi blaindi ni kutolewa njiani, na olini inaifuta hiyo kasoro.

Kwa hiyo Makorora, ukiwa na blaindi 15 kushuka, na mtu anapandisha ovyo ovyo, pea yoyote sukuma. Kati ya 15 na 25 angalia mtu, anayepandisha na kila kitu msukumie, anayepandisha mara chache mkoli. Zaidi ya hapo rudi kwenye kukoli kama tulivyosema.

DadaWaKaole

Naunga mkono, ila MwanaNgamiani hesabu mzigo mdogo kati yenu, sio wako tu. Ukiwa na 184 na yeye kabakiwa na 16 ni blaindi 8 hizo hizo, maana zaidi ya 16 hamuwezi kushindania. Watu wakiwa na rundo kubwa mbele yao wanasahau wanaanza kukoli na 4-4 wangoje flopu, wakati yeye wa kusukumiwa yuko hapo.

MwanaNgamiani

Hiyo sikuwahi kuiona hivyo dada yangu, shukrani. Mwenzangu kamaliza kuhesabu seti zake kwa komwe, kapanga mafungu nane ya tatu tatu juu ya mkeka na la mwisho kalikata nusu, kanyamaza. Sasa anauliza hivi, yeye akiwa batani na mimi ndo nimeshajua kukoli na 5-5 kwenye ubao mkavu, abeti kiasi gani kwenye flopu ili animalize, ile 5 au zaidi?